Namba za simu za wananchi si shamba la bibi

Kila mwezi unapofika tarehe ishirini na ushei, simu za watumishi wa umma nchini huanza kulia kwa mfululizo. Mshahara haujaingia benki, lakini tayari wameingia watu wanaoutaka. "Habari Mwalimu, umekidhi vigezo vya mkopo wa haraka bila dhamana." Mwalimu mwenyewe hakuomba mkopo. Hajapata kulisikia jina la kampuni hiyo, wala hajui kama ofisi zake zipo Kariakoo au hazipo kabisa. Kampuni, kwa upande wake, inamjua: inayo namba yake, inaijua kazi yake, na yaelekea inaijua hata tarehe anayolipwa.

Wengi wetu huufuta ujumbe wa namna hiyo na kuendelea na shughuli. Huko kufuta na kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa. Lipo swali moja ambalo mtumishi wa umma hana budi kujiuliza kabla hajafuta, nalo ni hili: nani aliyewapa namba hiyo, na ni nani aliyewaambia kuwa mwenye namba hiyo ni mwalimu?

Tuelewane mapema. Makala haya hayana ugomvi na biashara, wala na ujumbe mfupi wa simu kama chombo cha biashara. Fundi cherehani anayemjulisha mteja kwamba nguo yake iko tayari, mwenye duka la pembejeo anayewaarifu wakulima kwamba mbolea imefika, chama cha ushirika kinachotaka wanachama wake wajue siku ya mnada wa korosho, wote hao wanafanya jambo jema. Ujumbe mfupi ni rahisi kuliko nauli ya basi, hauhitaji intaneti, na humfikia mwenye simu ndogo ya tochi sawasawa na mwenye simu ya gharama kubwa. Katika nchi ambayo mwishoni mwa 2024 ilikuwa na laini za simu zaidi ya milioni 80, mfanyabiashara asiyekitumia chombo hicho anajinyima mwenyewe.

Lakini ni hapa hapa nchini petu ndipo ujumbe mfupi umepata uzito ambao hata waliouvumbua hawakuutarajia. Ujumbe wa kwanza kabisa ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba, 1992, na maneno yake yalikuwa salamu za Krismasi tu. Kwetu sisi mambo yalikwenda mbali zaidi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata, ujumbe mfupi umekuwa risiti. Mtu anayelipa fedha kwa simu dukani husubiri ujumbe kabla hajabeba mzigo wake. Tarakimu 20 za umeme wa LUKU huja kwa ujumbe. Ankara ya maji na namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali huja kwa ujumbe. Benki hutangaza kuingia kwa mshahara kwa ujumbe. Kwa Mtanzania wa kawaida, kile kisanduku cha ujumbe katika simu ndiyo kabati lake la nyaraka.

Sasa mtu anapolijaza kabati hilo matangazo ya mikopo, kamari, dawa za nguvu na viwanja visivyojulikana viko wapi, kosa lake si la kelele tu. Anazichanganya hati za mwenye nyumba na takataka. Baadhi ya simu ndogo zina nafasi chache za kuhifadhia ujumbe, na zikijaa, ujumbe mpya hauingii mpaka wa zamani ufutwe. Bibi kijijini anayesubiri taarifa ya fedha kutoka kwa mwanawe anaweza kuikosa kwa sababu simu yake imebeba matangazo kumi ya bahati nasibu ambayo hata hajui kuyasoma.

Wazee wetu wanasimulia enzi za matangazo ya biashara katika Redio Tanzania. Tangazo la sabuni lilipigwa kwa watu wote, na aliyechoka alizungusha kitufe akazima. Mwenye kiwanda cha sabuni hakujua nani amesikiliza na nani amezima. Hakujua msikilizaji anaishi wapi, ana watoto wangapi, au anadaiwa na nani. Ujumbe wa simu ni kitu cha namna nyingine kabisa. Unamwendea mtu mmoja, kwa namba yake, mfukoni mwake, saa yoyote. Na tangu Serikali ilipokamilisha usajili wa laini kwa alama za vidole, zoezi ambalo lilifanya laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari, 2020, namba ya simu imefungamanishwa na kitambulisho cha Taifa cha mwenyewe. Anayeishika namba yako leo ameshika ncha ya uzi ambao ukivutwa unafika mbali.

Yafaa pia tujue jinsi kazi hii inavyofanyika, maana wengi hudhani kuna kijana ameketi mahali anaandika namba moja moja. La hasha. Mfanyabiashara hununua ujumbe kwa jumla, maelfu kwa mara moja, kutoka kwa kampuni iliyounganishwa na mitandao ya simu. Ujumbe mmoja haufikii bei ya andazi. Hupakia orodha ya namba, huandika maneno yake, hubonyeza mara moja, na watu elfu kumi hupokea. Mahali pa namba ya mtumaji panakaa jina lake, ambalo haliwezi kuzidi herufi 11. Na hapa ndipo penye jambo ambalo halisemwi sana: ujumbe uliokuja kwa jina badala ya namba hauwezi kujibiwa. Mpokeaji akiandika "sitaki", neno lake haliendi popote. Huu si mwenendo wa kistaarabu hata kidogo. Ni sawa na mtu anayeingia nyumbani kwako bila hodi, akatangaza bidhaa zake, kisha akatoka kabla hujafungua kinywa.

Turudi kwenye swali letu: namba zinatoka wapi?

Tunapenda kuamini kwamba zinaibwa na mabingwa wa kompyuta wa nchi za mbali. Wako wezi wa aina hiyo, lakini mengi hufanyika karibu zaidi, tena mchana kweupe. Mlinzi wa getini ana daftari la wageni, nalo lina jina, namba ya simu na saa ya kuingia. Wakala wa fedha ana daftari. Nyumba ya wageni ina daftari. Kadi za mchango wa harusi zina orodha ya wachangiaji na namba zao, na orodha hiyo hubaki katika kompyuta ya mchapaji. Semina ina karatasi ya mahudhurio ambayo kila mshiriki hujaza bila kuuliza karatasi hiyo itakwenda wapi posho zikishalipwa. Na sisi tulio katika utumishi wa umma tunazo orodha kubwa kuliko hizo zote: wazazi wa wanafunzi wa shule nzima, wagonjwa wa kliniki, walipa kodi, waombaji wa ajira, wanachama wa mifuko ya pensheni, walimu wa wilaya nzima pamoja na shule wanazofundisha.

Je, kampuni ya mikopo imejuaje kwamba mwenye namba fulani ni mwalimu? Mtandao wa simu haumsajili mtu kwa kazi yake. Habari hiyo imetoka mahali ambapo majina, namba na kazi zimeandikwa pamoja, na mahali pa namna hiyo ni ofisi, chama, benki au mahali pa semina. Mahali penyewe pana mtu, na mtu huyo ana mwajiri. Huenda aliuza orodha. Huenda aliitoa bure kwa rafiki aliyemwambia ana biashara yake ndogo anataka kuitangaza. Huenda aliipiga picha na kuirusha katika kundi la WhatsApp ili watu waangalie kama majina yao yapo, na yeye mwenyewe hakuona ubaya wowote. Kwa mwalimu aliyepokea ujumbe, matokeo ni yale yale.

Wanachama wa Chama chetu wamelelewa katika msingi kwamba cheo ni dhamana. Tumezoea kuutumia msingi huo tunapozungumzia fedha za umma, magari na viwanja. Lakini mhasibu wa shule asiyethubutu kugusa shilingi moja ya mchango wa chakula anaweza kumpa mwenye duka la sare orodha ya simu za wazazi wote, akajiona amemsaidia ndugu yake. Mzazi alipoandika namba yake alikusudia jambo moja tu: mwanawe akiugua, au akihitajika shuleni, apigiwe. Kuitumia namba hiyo kumuuzia sare, bima au tuisheni ni kuchukua kitu ambacho hakukitoa. Katika lugha ya Azimio la Arusha la 1967 tulijifunza kuutambua unyonyaji pale mtu anapoishi kwa jasho la mwenzake. Huyu anayejipatia wateja kwa imani ambayo mzazi aliiweka kwa shule, tumwiteje?

Madhara yake hayaishii kwenye usumbufu. Serikali imeweka utaratibu kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Utaratibu huo ulikusudiwa kumlinda na madeni na kumlinda na nafsi yake mwenyewe. Lakini unafanya kazi pale tu mkopo unapopita kwa mwajiri. Mkopo unaokuja kwa ujumbe, ukakubaliwa kwa kubonyeza, ukalipwa kwa simu, haupiti kwa mwajiri. Mwalimu ambaye mshahara wake umeshafika ukingoni mwa ile theluthi ndiye hasa anayetafutwa, kwa maana yeye ndiye mwenye shida. Wananchi wameipa mikopo hiyo jina la kausha damu, na jina hilo halikutolewa na mchawi wa maneno, limetolewa na watu waliokaushwa.

Kisha anaposhindwa kulipa, huanza sura ya pili. Programu ya mkopo aliyoiweka katika simu yake ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo. Alikubali, kwa kuwa bila kukubali mkopo hautoki. Sasa mwalimu mkuu wake, shemeji yake, mchungaji wake na mzazi wa mwanafunzi wake wanapokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Watu hao hawakukopa. Hawakumdhamini mtu. Namba zao zimegeuzwa fimbo ya kumchapia mwenzao hadharani. Novemba, 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo wananchi wana haki ya kuuliza: jina likifungwa leo, likafunguliwa jingine kesho lenye rangi nyingine, zile namba zilizokwisha kuchotwa ziko mikononi mwa nani?

Jirani zetu wa Kenya, ambao wana Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, wamekutana na balaa hilo hilo, na wamechukua njia inayofaa kutazamwa. Septemba, 2023, ofisi ya Kamishna wao iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu ambazo ilizipata kwa watu wengine, kisha ikawatumia ujumbe wa vitisho na kuwapigia. Kiasi hicho si kikubwa kwa kampuni ya fedha. Lakini imeandikwa, imetangazwa kwa jina, na kila mkopeshaji mwingine amesoma.

Sisi nasi hatukosi sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inawabana watoa huduma na mawakala wao wasitoe habari za mteja kinyume cha sheria. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imekwenda mbali zaidi: taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisitumiwe kwa jingine, anayezikusanya ajisajili, na mwananchi ana haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Aprili, 2024. Kwa hiyo anayesema nchi haina sheria hajasoma. Shida ni kwamba sheria hiyo haijafika kwenye meza ambayo daftari limelala wazi. Ni makarani wangapi wa masijala, wauguzi wa mapokezi na walimu wa darasa waliokwisha kuelezwa kwamba orodha waliyo nayo inalindwa na sheria ya Bunge?

Na asidhani mtu kwamba kufuata utaratibu huo kutaua mawasiliano ya manufaa. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito, au mumewe, au jamaa wa karibu, alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bila malipo. Baada ya hapo alipokea ujumbe kulingana na umri wa mimba yake, ukimkumbusha kliniki, chandarua, chakula na dalili za hatari. Tazameni mpangilio wake: mama ndiye aliyeanza. Yeye ndiye aliyebisha hodi, naye akafunguliwa. Hakuna aliyekwenda kunakili daftari la kliniki ili kumshtukiza. Na habari zenyewe, ambazo zingeweza kumwaibisha mtu kama zingemfikia asiyehusika, zilimfikia aliyezitaka.

Mfanyabiashara mwaminifu anaweza kujifunza hapo. Mteja anapolipa, aulizwe kama angependa kupata habari za duka kwa simu, akikataa, asishawishiwe. Ujumbe utaje jina la duka na mahali lilipo, maana "bei poa njoo leo" bila anwani ni uhuni mtupu. Iwepo namba ambayo mteja akituma neno ACHA, anaachwa kweli siku hiyo hiyo, si baada ya kuombwa mara tatu. Na saa iangaliwe. Katika jamii yetu simu ikilia saa nane ya usiku watu hushtuka wakidhani kuna msiba. Mtu aliyeamshwa namna hiyo, akakuta ni punguzo la bei ya makochi, hatayanunua makochi hayo mpaka anaingia kaburini.

Kuhusu lugha, mtu anashangaa. Duka liko Mwananyamala, wateja ni wa Mwananyamala, na ujumbe umeandikwa kwa Kiingereza cha kuokoteza. Ujumbe mmoja unachukua herufi 160, na Kiswahili sanifu kinaenea humo bila taabu kwa kuwa herufi zake zote ni za kawaida. Anayepachika vikatuni vya nyuso zinazocheka na alama za kigeni hushusha nafasi hiyo mpaka herufi 70, akalipia ujumbe mbili au tatu pasipo kujua sababu. Fedha ni zake, lakini hesabu yapasa aijue.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwamba ujumbe usiotakiwa hufutwa kwa kidole na mambo yakaisha. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama matapeli wasingekuwepo. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajapata kupokea maneno ya kumwelekeza atume "ile hela" kwenye namba nyingine. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ili ujumbe wa utapeli upelekwe huko, na ni vema kila mtumishi akaijua kwa kichwa. Lakini tapeli hustawi katika vurugu. Mahali ambapo wafanyabiashara halali nao hutuma ujumbe bila kujitambulisha, kwa namba zisizojulikana, kwa watu wasiowajua, mwananchi hana njia ya kumtofautisha mkweli na mwongo. Ama atawaamini wote na kuibiwa, ama atawapuuza wote na kuikosa taarifa ya hospitali. Hao wenye maduka wanaolalamika kwamba siku hizi wateja hawasomi ujumbe wao, wamesaidia wenyewe kuifikisha hali hapo.

Tume na Mamlaka ya Mawasiliano zina wajibu wa kuzibana kampuni zinazouza ujumbe wa jumla, zisipakie orodha ya mtu kabla hajaonyesha ameipataje. Hilo lifanyike, na lifanyike kwa adhabu zinazotangazwa. Lakini upo upande ambao hauhitaji kusubiri Tume. Kila Januari shule zetu hupokea wanafunzi wapya, na kila mzazi hujaza fomu yenye mstari wa namba ya simu. Chini ya mstari huo pana nafasi ya kutosha kuchapa maneno machache: namba hii itatumiwa na shule kwa habari za mwanafunzi tu. Na kabati linalotunza fomu hizo liwe na kufuli, na ufunguo wake uwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina.